Ushushaji wa fimbo katika gofu

Ushushaji wa fimbo ni sehemu ya pigo la gofu inayoanza pale fimbo inapomaliza kupandishwa juu ya bega na kuishia pale kichwa chake kinapougonga mpira. Kwa wachezaji wa kulipwa sehemu hiyo huchukua takriban robo ya sekunde tu. Katika muda huo kichwa cha fimbo, ambacho kule juu kilikuwa kama kimesimama, hufikia mwendo wa karibu kilomita 180 kwa saa kwa mwanamume wa kulipwa anayetumia dreva, yaani fimbo ndefu kuliko zote, inayotumika kuanzia mashimo marefu. Mpira na uso wa fimbo hugusana kwa takriban sehemu moja ya elfu mbili ya sekunde, kisha mpira umekwenda zake.

Kila kinachotakiwa katika pigo, yaani umbali, mwelekeo na kimo cha mpira, huamuliwa katika robo hiyo ya sekunde. Ndiyo maana wanaojifunza huhangaika nayo kuliko sehemu nyingine yoyote, na mara nyingi bila mafanikio, kwa kuwa hujaribu kuirekebisha wakati ikitendeka. Ushushaji hurekebishwa kabla yake: katika mshiko, katika msimamo, katika namna ya kupandisha fimbo, na katika mazoea yaliyojengwa polepole siku za mazoezi.

Maelezo yanayofuata yanamhusu mchezaji anayepiga kwa mkono wa kulia, ambaye bega lake la kushoto ndilo liko upande wa shabaha. Anayepiga kwa mkono wa kushoto atasoma kinyume chake. Mguu, mkono na bega la upande wa shabaha huitwa wa mbele. Vya upande wa pili huitwa vya nyuma.

Robo ya sekunde

Mtu akiona au kuhisi jambo la ghafla, hupita takriban sehemu mbili za kumi za sekunde kabla misuli yake haijaanza kuitikia. Ushushaji wote una muda unaozidi huo kidogo tu. Kwa hiyo mchezaji anayehisi katikati ya njia kwamba fimbo imekwenda kombo hana nafasi ya kuinyoosha. Amri ya ubongo itafika mikononi wakati mpira umeshaondoka au uko mbioni kuondoka. Ushauri unaosikika mara kwa mara viwanjani, kama vile "geuza nyonga sasa" au "zuia mikono", unaweza kuwa sahihi kabisa katika maelezo na bado usimsaidie mtu anayeukumbuka akiwa ameshaanza kushusha.

Mwaka 2004 Mmarekani John Novosel alichapisha kitabu kiitwacho Tour Tempo, baada ya kuhesabu picha moja moja za video za wachezaji mashuhuri. Aliona kwamba muda wao wa kupandisha fimbo ulikuwa karibu mara tatu ya muda wa kuishusha. Katika video ya picha 30 kwa sekunde, mchezaji wa aina hiyo hutumia kwa mfano picha 24 kupandisha na 8 kushusha, yaani sekunde 0.8 na sekunde 0.27. Wapo waliokuwa wepesi zaidi na wapo waliokuwa wazito zaidi, lakini uwiano ulibaki uleule. Hesabu hii ilitia shaka nasaha ya miaka mingi kwamba fimbo ipandishwe polepole kadiri iwezekanavyo. Anayepandisha kwa kujivuta hufika juu mwendo wote ukiwa umekufa, kisha hulazimika kuanza upya kwa kukurupuka, na anayekurupuka huanza na mikono na mabega.

Mfuatano wa viungo

Wataalamu wa mwendo wa mwili wamepima ushushaji kwa vihisio vinavyobandikwa kiunoni, kifuani, mkononi na kwenye fimbo. Vipimo vya wachezaji wa kulipwa hutofautiana katika mambo mengi, lakini hukubaliana katika mpangilio mmoja: nyonga hufikia kasi yake kubwa kwanza, kisha kifua, kisha mikono, na mwisho kabisa fimbo. Kila kiungo kikishafikia kilele chake hupungua kasi, na kinapopungua ndipo kinachofuata kinapoongezeka.

Kabla ya nyonga kuna miguu. Mchezaji mzuri huanza kuuhamishia uzito mguu wa mbele wakati fimbo bado inamalizia kupanda. Kwa muda mfupi sana sehemu ya chini ya mwili inaelekea kwenye shabaha huku mikono na fimbo vikiendelea kwenda nyuma. Mvutano huo wa pande mbili hunyoosha misuli ya kiuno na mgongo, na misuli iliyonyooshwa ghafla hurudi kwa nguvu zaidi kuliko ile iliyoanza kutoka kwenye utulivu. Kwa maneno mengine, hakuna kituo kamili kule juu. Hata Hideki Matsuyama wa Japani, mshindi wa Masters ya mwaka 2021, ambaye kituo chake cha juu huonekana kwa macho, hutangulia kusogeza sehemu ya chini kabla mikono haijashuka.

Mfano ulio karibu na watu wengi ni mtoto anayerusha kijiwe bapa ili kirukeruke juu ya maji. Hakuna aliyemfundisha mfuatano. Anasogeza mguu wa mbele, nyonga zinageuka, kiwiko kinapita karibu na mbavu, na kifundo cha mkono kinafyatuka mwisho wa yote. Akijaribu kurusha kwa mkono peke yake kijiwe huzama palepale. Pigo la gofu lina umbo hilohilo, isipokuwa mchezaji ameinama na ameshika kifaa kirefu kwa mikono miwili, na pengine hilo ndilo linalomfanya mtu mzima asahau alichokijua utotoni.

Fimbo inavyoipita mikono

Mikono ya mchezaji haifikii hata theluthi ya mwendo wa kichwa cha fimbo. Mwendo uliobaki unatoka wapi? Jibu lilielezwa vizuri na Alastair Cochran na John Stobbs katika kitabu Search for the Perfect Swing cha mwaka 1968, kilichotokana na utafiti uliofanywa Uingereza. Walilifananisha pigo na pendulamu mbili zilizounganishwa. Ya kwanza ni mikono inayozunguka kutoka katikati ya kifua; ya pili ni fimbo inayozunguka kutoka kwenye vifundo vya mikono. Theodore Jorgensen, profesa wa fizikia wa Chuo Kikuu cha Nebraska, aliuendeleza mfano huo kwa hesabu katika kitabu The Physics of Golf cha mwaka 1994.

Mwanzoni mwa ushushaji fimbo na mkono wa mbele hufanya pembe ya karibu nyuzi 90, na pembe hiyo inapaswa kudumu kwa sehemu kubwa ya njia. Fimbo ikiwa imekunjwa hivyo, uzito wake uko karibu na mwili na ni rahisi kuuzungusha. Mikono inapofika usawa wa paja, mvuto wa kichwa cha fimbo kuelekea nje unakuwa mkubwa kiasi cha kuikunjua pembe wenyewe. Fimbo inafyatuka na mikono inapungua kasi, kwa sababu nguvu iliyokuwa mikononi imehamia kwenye kichwa cha fimbo. Mjeledi hufanya hivyohivyo: mpini ukisimama, ncha ndiyo inayolia. Picha alizopiga Harold Edgerton wa Marekani miaka ya 1930, kwa taa inayomulika mara nyingi ndani ya sekunde moja, zilionyesha jambo hilo waziwazi. Nafasi kati ya picha moja ya mikono na nyingine inapungua karibu na mpira, na nafasi kati ya picha za kichwa cha fimbo inapanuka.

Kichwa cha dreva kina uzito wa takriban gramu 200. Kikizunguka kwa mwendo wa kilomita 160 kwa saa, kinaivuta mikono kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 20. Anayejaribu kuushinda mvuto huo kwa kukaza mikono anaiharibu kazi ambayo ingefanyika bila yeye. Ndiyo sababu mshiko uliokazwa kupita kiasi hupunguza umbali, ingawa mshikaji anajiona ana nguvu zaidi.

Kosa linalopingana na haya ni kuikunjua pembe mapema, mara tu baada ya kuanza kushusha, kama mvuvi anayerusha mshipi baharini. Mwendo wote unatumika hewani nyuma ya mchezaji, na fimbo inapofika kwenye mpira tayari inapoa. Hata hivyo, walio wengi wanaoambiwa "chelewesha fimbo" huanza kuikaza pembe kwa makusudi hadi mwisho, na matokeo yake ni mpira dhaifu unaokwenda kulia. Pembe haishikwi kwa nguvu. Inabaki yenyewe kama miguu na nyonga vimetangulia.

Njia ya kichwa na uso wa fimbo

Mpira haujui mchezaji alifanya nini na nyonga zake. Unachopokea ni mambo machache: mwendo wa kichwa cha fimbo, mahali kilipougonga, njia kilichopita, na upande ambao uso wake ulielekea wakati wa kugusana. Kwa miongo mingi vitabu vya kufundishia vilisema kwamba mpira huanza safari kwa kufuata njia ya fimbo, kisha hupinda kuufuata uso. Vipimo vya rada, vilivyoenea viwanjani kuanzia miaka ya 2000, vimethibitisha yale ambayo wanafizikia walikuwa wakiyasema kitambo: mpira huanza karibu na mwelekeo wa uso wa fimbo, ambao mchango wake ni robo tatu au zaidi, na hupinda kwa sababu uso na njia vimeachana.

Tofauti hii si ya wasomi tu. Mchezaji anayeona mpira wake unaanza kushoto na kupinda kulia alikuwa akiambiwa kwamba uso wa fimbo ulielekea kulia kwa shabaha. Kumbe uso ulielekea kushoto, na njia ilielekea kushoto zaidi. Dawa ya ugonjwa wa kwanza humzidishia wa pili. Uso ukikosea kwa nyuzi 3 tu, mpira unaokwenda mita 200 huwa umeachana na mstari wa shabaha kwa zaidi ya mita 10 hata kabla ya kuhesabu kupinda.

Kiasi cha kupinda hutegemea pia hewa. Nairobi, iliyo zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, ina hewa nyepesi. Mpira huenda mbali zaidi na hupinda kidogo kuliko Mombasa au Dar es Salaam. Mchezaji wa bara anayeshuka pwani anaweza kudhani pigo lake limeharibika njiani, kumbe kasoro ileile aliyonayo nyumbani sasa inaonekana wazi zaidi.

Kuanza na mabega

Kosa lililoenea kuliko yote kwa wachezaji wa ridhaa ni kuanza kushusha kwa mabega. Mchezaji akiwa juu anautazama mpira, anataka kuupiga kwa nguvu, na bega la nyuma linasukumwa mbele kuelekea kwenye mpira. Mikono na fimbo vinatupwa nje, mbali na mwili. Kutoka huko nje fimbo haina njia nyingine ila kukata kuingia ndani, kutoka kulia kwenda kushoto kwa mstari wa shabaha. Ikiwa uso wa fimbo uko wazi ukilinganishwa na njia hiyo, mpira unapata mzunguko unaoupindisha kulia. Pigo hilo ndilo wachezaji huliita slaisi.

Ubaya wa slaisi ni kwamba humfundisha mchezaji kulizidisha. Mpira ukienda kulia mara tatu, mara ya nne anasimama akielekea kushoto zaidi, au anauvuta kwa mikono upande wa kushoto ili asiingie msituni. Vyote viwili huongeza kukata. Mpira unapinda kulia zaidi, naye anaelekea kushoto zaidi. Wapo waliocheza miaka ishirini katika mduara huo, wakibadilisha fimbo kila baada ya misimu michache.

Walimu wengi huanza kutibu njia: wanamwekea mchezaji kizuizi nje ya mpira ili asiweze kukata. Njia hiyo ina faida, lakini mara nyingi si mahali pa kuanzia. Mchezaji huyu hukata kwa sababu uzoefu umemwonyesha kwamba mpira unakwenda kulia. Ikiwa uso wa fimbo bado uko wazi na yeye akaacha kukata, mpira utaanza kulia na kuzidi kwenda kulia, na baada ya mapigo mawili ya namna hiyo mwili wake utarudia mazoea ya zamani bila kumwuliza. Kwa hiyo uso hushughulikiwa kwanza, na uso huanzia kwenye mshiko. Mikono yote miwili ikigeuzwa kidogo kulia juu ya mpini, hadi mchezaji akitazama chini aone vifundo viwili au vitatu vya vidole vya mkono wa kushoto, uso hufunga kwa urahisi zaidi. Kwa siku kadhaa mpira utaruka kushoto moja kwa moja. Hiyo ni dalili njema, japo haipendezi: uso sasa unalingana na njia, na mwili wenyewe unapata sababu ya kuacha kukata.

Jim Furyk ni ushahidi kwamba kupandisha kwa namna ya ajabu hakuzuii kushusha vizuri. Fimbo yake hupanda wima kisha hufanya kitanzi nyuma yake, na hakuna kitabu kinachofundisha hivyo. Inaposhuka, hata hivyo, huingia kutoka ndani kwa njia ileile kila mara. Furyk alishinda US Open mwaka 2003, na mwaka 2016 akawa mchezaji wa kwanza wa PGA Tour kumaliza raundi kwa mapigo 58.

Makosa mengine

Lipo kosa la kubaki nyuma. Mchezaji anataka kuuinua mpira hewani, anaegemea mguu wa nyuma na kuuchota. Fimbo inafika chini kabisa kabla ya mpira, inachimba ardhi au kupanda na kuupiga mpira katikati ya tumbo lake. Fimbo za chuma zimetengenezwa na mlalo wa uso unaouinua mpira wenyewe. Kazi ya mchezaji ni kushuka juu yake. Wachezaji wa kulipwa wakitumia chuma namba 7 hugonga mpira fimbo ikiwa bado inashuka kwa takriban nyuzi 4, na kipande cha nyasi hung'oka mbele ya mahali mpira ulipokuwa. Dreva ni tofauti: mpira uko juu ya kijiti na mbele zaidi, na wengi hunufaika kwa kuupiga fimbo ikiwa imeanza kupanda.

Lipo pia kosa la nyonga kusogea kuelekea kwenye mpira badala ya kugeuka. Mwili unainuka, mikono inakosa nafasi ya kupita, na mchezaji anaiokoa hali kwa kugeuza vifundo vya mikono dakika ya mwisho. Siku moja mpira unanyooka, siku ya pili haujulikani. Wanaotazama humwambia "umeinua kichwa", naye anaanza kukandamiza kidevu kifuani. Kichwa kiliinuka kwa kuwa nyonga zilisonga mbele, na kukifunga hakurudishi nyonga mahali pake. Kunazuia tu bega la nyuma kupita na kuuchosha mgongo. Huenda hakuna nasaha iliyoharibu mapigo mengi kama hiyo ya kutoinua kichwa.

Mabishano ya walimu

Ben Hogan wa Marekani, aliyeshinda US Open mwaka 1950 miezi kumi na sita baada ya ajali ya gari iliyokaribia kumuua, alichapisha mwaka 1957 kitabu Five Lessons, akisaidiwa na mwandishi Herbert Warren Wind na mchoraji Anthony Ravielli. Fundisho lake kuhusu ushushaji lilikuwa wazi: nyonga ndizo zinazoanzisha kila kitu. Kitabu hicho kimesomwa kuliko karibu kingine chochote cha gofu, na vipimo vya baadaye viliunga mkono mpangilio alioueleza. Lakini Hogan alisumbuliwa miaka mingi na mpira unaopinda kushoto, na mbinu zake nyingi ni za kuuzuia uso wa fimbo usifunge. Msomaji wake wa kawaida ana ugonjwa wa upande wa pili. Akizungusha nyonga kwa nguvu zote huku uso uko wazi, slaisi yake inakuwa mbaya kuliko alipoanza.

Kabla ya Hogan alikuwepo Ernest Jones, Mwingereza aliyepoteza mguu wa kulia chini ya goti mwaka 1916 katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Alirudi kiwanjani na kupata alama ambazo wenye miguu miwili wengi wanazitamani. Jones alihitimisha kwamba mwili hujipanga wenyewe ikiwa mchezaji anajua anachotaka kukifanya na kichwa cha fimbo. Alifundisha kwa kisu kidogo cha mfukoni kilichofungwa kwenye ncha ya leso. Mwanafunzi akikizungusha kwa utulivu, leso ilibaki imenyooka. Akikivuta kwa nguvu, leso ililegea na kisu kikayumba. Alihamia Marekani na kufundisha huko kwa miaka mingi, na baadhi ya walimu walimlaumu kwamba mafundisho yake ni mepesi mno.

Utafiti wa baadaye umempa Jones sehemu ya haki yake. Mwaka 1999 Gabriele Wulf na wenzake walichapisha jaribio lililowahusu watu wasiowahi kucheza gofu. Baadhi waliambiwa waelekeze mawazo kwenye mwendo wa mikono yao, na wengine kwenye mwendo wa fimbo. Waliofikiria fimbo walipiga kwa usahihi zaidi, wakati wa mazoezi na hata walipopimwa baadaye. Pengine Hogan alieleza sawasawa kinachotokea, na Jones alijua zaidi mchezaji afikirie nini ili kitokee. Mwalimu anahitaji elimu ya kwanza ili atambue kosa, na mwanafunzi anahitaji ya pili akiwa mbele ya mpira.

Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya, Uganda na Tanzania walianza wakiwa makedi, wakibeba mifuko ya wengine. Hawakuanza kwa kusikia maelezo ya nyonga na mabega. Walitazama mapigo mazuri na mabaya kwa miaka, kisha wakaiga walichokiona wakiwa na fimbo moja ya kuazima. Mapigo yao hayafanani, ila mengi yana mdundo unaofanana, na mdundo ni jambo linaloonekana vizuri zaidi kuliko linavyoelezeka.

Namna ya kufanya mazoezi

Zoezi la bei nafuu kuliko yote ni mstari uliochorwa kwenye udongo au mchanga. Mchezaji anausimamia bila mpira, mstari ukiwa katikati ya miguu yake, na kuzungusha chuma kifupi mara kumi. Alama ya fimbo inapaswa kuanza kwenye mstari au mbele yake kidogo kila mara. Anayebaki nyuma ataona alama zake ziko nyuma ya mstari, na hakuna wa kubishana naye. Uwezo wa kuigusa ardhi mahali palepale mara kumi mfululizo ndio unaomtenganisha mchezaji wa kuaminika na wa kubahatisha.

Kwa mfuatano wa viungo, zoezi la hatua linafaa. Mchezaji anasimama miguu ikiwa pamoja, anapandisha fimbo, na kabla haijafika juu anapiga hatua ya mguu wa mbele kuelekea kwenye shabaha, kisha anapiga. Haiwezekani kulifanya zoezi hili kwa kuanza na mabega bila kuyumba. Lianzwe bila mpira, kisha mpira ukiwa juu ya kijiti kwa nusu ya nguvu. Kupiga miguu ikiwa pamoja bila hatua kunamfundisha jambo jingine, yaani mizani: anayelazimisha huanguka.

Baada ya mshiko kurekebishwa, kizuizi nje ya mpira kina nafasi yake. Kofia ya dreva au boksi tupu huwekwa sentimita chache upande wa mbali wa mpira na nyuma yake kidogo, ili fimbo inayokuja kutoka nje ikigonge. Kitu kigumu kama jiwe au tofali kisitumike hata kidogo.

Kupiga polepole ni zoezi linalodharauliwa. Mchezaji anafanya pigo zima kwa sekunde tano au sita, akihisi uzito unahama kabla mikono haijashuka, kisha anaongeza mwendo hatua kwa hatua. Akifika mwendo ambao kosa linarudi, anarudi nyuma kidogo na kukaa hapo. Mwili hujifunza mpangilio mpya kwa mwendo unaoweza kuufuatilia, na kwa mwendo kamili hurudia tu mazoea.

Simu yenye kamera imekuwa mwalimu wa wengi, kwa sababu hisia hudanganya. Anayedhani amebadilisha pigo lake kupita kiasi akitazama video huona badiliko dogo au hakuna. Simu iwekwe usawa wa mikono, nyuma ya mchezaji kwenye mstari wa shabaha, ili njia ya fimbo ionekane. Ikiwekwa juu sana au pembeni, njia nzuri huonekana mbaya. Badiliko la kweli huchukua wiki nyingi, na kwa sehemu ya wiki hizo alama za mchezaji huwa mbaya kuliko awali. Wengi huacha hapo hapo.

Mgongo

Maumivu ya sehemu ya chini ya mgongo ndiyo jeraha linalowapata wachezaji wa gofu mara nyingi zaidi, na ushushaji una sehemu kubwa ya lawama. Nyonga zikigeuka kwa kasi huku mabega yamebaki nyuma, uti wa mgongo hubanwa, husokotwa na kuinamishwa upande kwa wakati mmoja. Tiger Woods alifanyiwa upasuaji wa mgongo kwa mara ya kwanza mwaka 2014, ukafuata mwingine, na Aprili 2017 pingili za chini za uti wake ziliunganishwa. Alishinda Masters mwaka 2019 akiwa na mgongo huo.

Mtindo wa karne iliyopita ulikuwa mpole zaidi kwa kiuno. Bobby Jones na Jack Nicklaus waliacha kisigino cha mbele kiinuke wakati wa kupandisha, hivyo nyonga na mabega viligeuka pamoja na mgongo haukusokotwa sana. Baadaye walimu wengi walikataza kuinua kisigino kwa hoja kwamba kunapunguza mvutano. Nicklaus aliendelea nacho, na alishinda Masters ya mwaka 1986 akiwa na umri wa miaka 46. Kwa mchezaji mwenye umri mkubwa, au ambaye kiuno chake hakigeuki kama zamani, kisigino hicho kina faida ya pili: kinaporudi kukanyaga chini ndicho kinachoanzisha ushushaji, nyonga zikakifuata, na mabega hayapati nafasi ya kutangulia.